Mkono wa Kununulia Foku

Kazi yangu ni kushika vitambaa. Ukinikuta Kariakoo saa nne asubuhi nimesimama mbele ya duka la majora, macho barabarani na mkono ndani ya kitambaa, usidhani nimezama kwenye mawazo. Niko kazini. Wenye maduka wa Songea, Sumbawanga na Tabora hunitumia hela, nami huwachagulia majora, nikabishana bei, nikafunga robota na kulipeleka kwenye mabasi. Wananilipa kwa sababu moja tu: kidole gumba changu cha kulia na jirani yake hawadanganyiki kirahisi. Lebo inaweza kusema pamba tupu, muuzaji anaweza kuapa kwa mama yake mzazi, ila nikishasugua mara mbili, ya kwanza mkono ukiwa mkavu na ya pili nikiwa nimelamba kidole, nitakwambia kama ni pamba, ni poliesta, au ni ule mchanganyiko unaojifanya pamba mpaka siku ya kufuliwa.

Mwaka huu kidole kilinyamaza.

Kilianza na ganzi ya kawaida, ile ya mtu aliyelalia mkono. Nilikuwa nikifika mjini asubuhi nakung'uta kiganja, ganzi inaondoka, naendelea na shughuli. Baadaye ikawa inachelewa kuondoka. Halafu mteja wangu wa Tabora akanipigia simu. Alikuwa ameagiza bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba ambacho watu hununua kwa ajili ya sanda. Hakufoka. Aliniuliza hali, akauliza familia, akauliza mvua za huku, ndipo akasema, "Mzee wangu, bafta ya safari hii inateleza. Wanaovaa hawajalalamika, ila wanaoosha maiti wamelalamika."

Nilirudi kwenye duka nililonunua, nikaomba wanishushie jora kutoka mzigo ule ule. Nikasugua kwa mkono wa kulia: pamba. Nikasugua kwa wa kushoto: poliesta, tena ile ya rahisi. Nikarudia yote mawili, majibu yakawa yale yale. Mikono miwili ya mtu mmoja, kila mmoja na lake. Nilimlipia mteja bafta nyingine kutoka mfukoni kwangu, na sikumwambia sababu, maana mnunuzi wa vitambaa anayetangaza kwamba mkono wake hausikii ni sawa na mwonjaji wa pilau aliyepoteza ulimi.

Daktari, kwenye kliniki moja ya Upanga yenye foleni mpaka ngazini, alinibonyeza kiganja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema. Akauliza nafikaje kazini. Nikasema kwa baiskeli. Akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita katikati ya kiganja, na mimi nimekuwa nikiugonga kila siku kwa miezi, kama mtu anayetwanga. Akasema niache baiskeli, au niifanye iache kunigonga. Nikiendelea hivi hivi, hisia inaweza isirudi kabisa. Alisema hayo huku akiandika, bila kuniangalia, na nadhani ndiyo maana niliyaamini.

Kuiacha sikuweza. Ninaishi Buguruni, na magoti yangu hayakubali tena kutembea Kariakoo kutwa. Mke wangu alisema nipande bodaboda kama watu. Nilikaa nikapiga hesabu ya bodaboda za siku nzima, duka kwa duka, nikaipiga tena usiku ule ule, na mara zote mbili bodaboda ilikula faida ikabakiza karanga. Baiskeli hupita katikati ya mikokoteni, hubebwa begani pale bajaji zinaposhikana mashati, huegeshwa ndani ya duka nyuma ya muuzaji. Haina leseni wala haidai chai.

Yangu ni baiskeli ya milimani, mtumba wa Japani, ya kijani, na huko kwao naamini ilipanda milima kweli. Hapa imepanda matuta ya barabara. Mbele ina foku ya shokapu, yaani ule uma unaoshika gurudumu, miguu yake miwili ikiwa na springi ndani za kumeza mitikisiko. Ya kwangu iliacha kumeza zamani. Chumvi, vumbi, maji ya mitaro na mizigo viliingia mpaka miguu ikagandana. Fundi wangu wa Buguruni, ambaye karakana yake ni kipande cha turubai pembeni ya duka la dawa, aliikandamiza kwa uzito wake wote na haikushuka hata unene wa kucha.

"Hii siyo shokapu tena, mzee," alisema. "Hii ni nondo."

Alitaka kunifungia foku ya chuma tupu isiyo na springi, ya baiskeli za mkaa, akasema hiyo haiharibiki. Nilimwambia hiyo haiharibiki, mimi ndiye nitakayeharibika. Basi akaifungua ile ya zamani, akaifuta mafuta kidogo, akanipa niende nayo sokoni iwe sampuli. Ndivyo watu wote wafanyavyo: kifaa kikifa, unakibeba kama kilivyo, unakiweka mezani kwa muuzaji, unasema nataka kama hiki.

Mimi nilikataa kuibeba, na hapo ndipo uchovu wangu wote ulipoanzia.

Nimeishi kwa kubishana bei kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Sheria yangu ni kwamba hubebi maiti ya kitu unachokwenda kununua. Muuzaji akiiona anajua kila kitu: kwamba cha kwako kimekufa, kwamba huna kingine, kwamba umepanda magari mawili na hutarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu anayetaka bei nzuri anapita kama hana haja. Kwa hiyo nilipima kwa uzi. Nikafunga fundo la kwanza mahali bomba la juu linapoanza, lile linaloingia kwenye shingo ya fremu, na fundo la pili linapoishia. Unene wake nikauzungushia uzi mwingine. Fundi akaniambia nikumbuke mambo matatu: bomba liwe la unene mmoja juu mpaka chini, liwe refu kama la kwangu au zaidi kwa sababu refu linakatwa na fupi halivutwi, na mguu wa kushoto uwe na sikio la kushikia breki ya diski. Halafu akatazama nyuzi zangu.

"Mzee, unaenda kununua foku kwa uzi?"

"Uzi hauna mdomo," nikamjibu, nikaondoka nikijiona mjanja.

Siku ya kwanza niliitumia kwenye maduka ya vitu vipya. Foku zilikuwa zimening'inizwa kama mabuzi buchani, nyekundu, nyeupe, nyeusi zenye moto uliochorwa. Muuzaji mmoja aliniapia ni za Ujerumani. Nikamwonyesha karatasi ya boksi lake mwenyewe, akasema Wajerumani siku hizi wanatengenezea China. Niliegemea foku ile kwa kifua, ikashuka yote kwa mara moja halafu ikanirusha juu kama godoro la springi la gesti. Ingetoshana na baiskeli yangu, bei yake haikuwa mbaya, na kwa mtu anayetaka baiskeli ya kupigia picha ingefaa sana. Ila kitu kinachokurusha kinakugonga pia, kwa kuchelewa tu. Jioni nikakuta moja inayojazwa upepo badala ya springi, mtumba safi, nyepesi mpaka nikaogopa. Nikazungusha uzi. Bomba lake lilikuwa jembamba juu na nene chini, kama shingo ya chupa, halingeingia kwenye fremu yangu hata kwa dua. Na nilipouliza pampu yake maalumu inapatikana wapi, muuzaji akasema hilo ni swali zuri.

Nilirudi nyumbani nimechoka, magoti yakilia, na nikaamua kesho yake nitumie miguu ya watu wengine.

Kariakoo kuna mawinga. Winga hana duka, hana meza, pengine hana hata begi, ila anajua kila duka lina nini na nani anauza kwa bei gani. Unamwambia unachotaka, anakutafutia, anakuwekea cha juu chake katikati, kila mtu anakula. Nawafahamu wengi kwa biashara ya vitambaa. Mtu wa kawaida angemwita mmoja. Mimi bei naiuliza mara mbili kwa midomo miwili kabla sijaiamini, na kwa kuwa safari hii nilikuwa mgeni kwenye vyuma, nikaongeza mdomo wa tatu. Niliwaita watatu, kila mmoja kwa siri yake: jamaa mrefu wa jezi nyekundu, dada mmoja asiyetoa kifaa cha simu sikioni, na baba mmoja wa makamo ambaye hukohoa kabla ya kutaja bei. Kila mmoja nilimpa vipimo vile vile na kumwambia asimwambie mtu. Nikakaa kwenye ngazi za duka la vitenge, nikaagiza chai, nikangoja kuletewa ukweli.

Ukweli ulianza vizuri. Kabla ya adhuhuri wa jezi nyekundu akapiga: ipo, Gerezani, kwa mama mmoja wa vipuri vya mtumba, ya springi, bomba la unene mmoja, sikio la diski lipo, elfu themanini. Sikukubali, nikamwambia nitafikiri. Baada ya muda dada akapiga: ameipata, Gerezani, maelezo yale yale, elfu tisini na tano. Nikafurahi kimoyomoyo, maana nilishamkamata dada na cha juu chake. Alasiri baba wa makamo akakohoa, nikajua si kuzuri.

"Laki na ishirini, bosi wangu. Na fanya haraka, hii mali ina watu. Wanaigombania."

Sasa hapo nikaingiwa na wasiwasi. Kwenye mji huu wote, foku moja inayonifaa, na kuna mtu mwingine anaitaka. Nilimpigia wa jezi nyekundu nikamwambia naichukua kwa themanini. Akasema themanini ilikuwa asubuhi, sasa mama amegoma, anasikia mali imekuwa moto. Nikamwambia aende akaishikilie. Nikampigia dada, nikamwambia naye aende akaishikilie, ili yule mwingine asiyejulikana asije akaipata. Jioni bei ilikuwa laki na nusu. Nililala nikimchukia mtu ambaye sijawahi kumwona, mwenye baiskeli kama yangu na haraka kama yangu.

Asubuhi yake nilikwenda Gerezani mwenyewe. Joto lilikuwa limeshaanza, na wachuuzi wa vipaza sauti walikuwa wameshaanza. Nilipita kwenye vichochoro vya mashine za kushonea, mapipa na injini za boti mpaka nikalikuta duka, upana wake kama mlango na urefu wake sikuuona mwisho. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi mbele, kanga kiunoni, chupa ya chai miguuni. Kwa lafudhi nilijua kwao ni Kilimanjaro, na kwa macho nilijua ananipima tangu nikiwa kichochoroni. Tulisalimiana kama wazee wenza. Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nikaulizia tairi za pikipiki, nikaulizia mnyororo, nikaulizia hali ya biashara, na nikiwa nimeshasimama kama mtu anayeondoka nikauliza kama ana foku za baiskeli.

"Nilikuwa nazo nyingi nikaziuza kama chuma chakavu," alisema. "Imebaki moja. Tangu jana imekuwa bibi harusi. Ina wachumba watatu."

Nilikaa tena. Nikauliza ni wachumba gani hao.

Akanihesabia kwa vidole. Kulikuwa na kijana mrefu kama mlingoti, jezi nyekundu. Kulikuwa na binti anayeongea peke yake, na kitu sikioni. Na kulikuwa na mzee mmoja mwenye kifua kibovu. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, kila mmoja alinong'ona, na kila mmoja alimwambia bosi wake anaitaka leo leo. Kwa hiyo yeye alipandisha. Akaja tena wa kwanza, akapandisha tena.

"Na wote watatu," akaongeza, "wanasema bosi wao ni mzee mmoja bahili huyo, hatoi hata maji ya kunywa."

Nilitazama chini kwenye viatu vyangu. Nilipiga hesabu ile mara mbili, na zote mbili nilimpata mtu yule yule. Hakukuwa na mwenye baiskeli ya pili. Wale watu waliokuwa wakipigania foku usiku kucha kichwani mwangu walikuwa mimi, mimi, na mimi.

Mtu wa kazi yangu akianguka huanguka kimya. Nilimwambia mawinga ni watu wa maneno tu, pengine hawatarudi. Akasema yule wa jezi nyekundu ameahidi kuleta pesa taslimu saa tisa. Hapo nikaelewa kwamba wa jezi nyekundu ameamua kuinunua kwa hela yake na kuniuzia mimi kwa bei anayoitaka, na kwa kweli ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Aliingia ndani akaitoa. Ilikuwa nyeusi, imechubuka rangi kwenye mabega, lakini zile nguzo za juu zinazoingia ndani ya miguu zilikuwa zinang'aa bila mkwaruzo. Nikatoa uzi wangu kwa siri, urefu ukatosha na kubaki. Unene, sawasawa. Sikio la breki lipo. Kilichobaki ni springi, na springi haiangaliwi kwa macho. Unaisimamisha foku chini, unashika bomba la juu kwa viganja viwili, unakandamiza taratibu na kuachia taratibu, na mikono inakwambia: inashuka laini au inajikwaa, inarudi kwa adabu au inaruka, mguu mmoja unafanya kazi au yote miwili. Ni kama kitambaa tu. Kazi ya mkono.

Nikaisimamisha, nikakandamiza kwa mkono wa kulia kama nilivyozoea, wa kushoto ukiwa bado umeficha uzi. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nikakandamiza tena.

"Springi zake siyo mbaya," nikasema, "ila za kulia ni nzito kidogo." Nilisema hivyo kwa sababu lazima utaje kasoro kabla ya kutaja bei.

Mama alinitazama. Akatazama foku. Halafu akanyoosha mkono akagusa kidude kidogo cha bluu juu ya mguu wa kulia.

"Baba, hii imefungwa loki," alisema. "Haijashuka hata kidogo. Umesikia springi gani?"

Nimeumbuliwa mara nyingi kwenye soko hili, lakini kwa maneno. Safari hii nilikuwa nimeshika bomba la chuma, na kweli kiganja cha kulia hakikuwa kikisikia kitu, wala springi, wala loki, wala ubaridi wa chuma chenyewe. Ningeweza kuwa nimeshika mkate.

"Mkono wako una nini?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Basi nikamwambia. Nilimwambia ya bafta, nikamwambia ya daktari, nikamwambia foku iliyoganda iko Buguruni kwa fundi na niliiacha makusudi ili asijue nina shida. Nilipofika kwenye mawinga nilitaka kuruka, ila nikaona nimeshavuka mto, magoti yameshalowa. Nikatoa simu nikampigia wa jezi nyekundu pale pale, nikamwambia aache, sihitaji tena. Nikampigia dada, nikamwambia aache. Nilipokuwa namwambia wa tatu aache, na yeye ananikoholea, mama alikuwa ameshajifunika mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanamtikisika.

"Kwa hiyo ulikuwa unagombana na wewe mwenyewe," alisema alipopata pumzi.

"Na nilikuwa nakaribia kushindwa."

Alinimiminia chai. Tulikunywa, yeye akifuta machozi ya kicheko, mimi nikiwa nimechoka mpaka kwenye nywele. Ukishasema yote unabaki mwepesi vibaya, kama robota lililofunguliwa.

Kisha akasimama, akafungua loki, akashika foku mwenyewe. Alikandamiza kwa uzito wake, na si mwepesi, akaachia polepole, mara kadhaa, uso umetulia. Nilimtazama mikono kama nilivyozoea kutazama mikono ya wauzaji wanaopima kitambaa kwa futi.

"Wa kushoto ni laini," alisema. "Wa kulia unakwama kidogo mwanzo, halafu unakubali. Ukitiwa mafuta utakuwa sawa. Sikufichi."

Haya sasa. Mimi nikitaka kuficha kasoro kubwa hutaja ndogo, tena hutaja kwa sauti ile ile ya "sikufichi". Nimeuzia watu hivyo, nimeuziwa hivyo. Pengine ndani kulikuwa na springi iliyokatika. Pengine mguu wa kushoto ulikuwa laini kwa sababu hauna kitu. Ningeweza kumwita fundi aje kutoka Buguruni, lakini nikishaondoka pale kwenye benchi kumngoja, nani alikuwa ananizuilia mali? Wa jezi nyekundu nilimfahamu. Kumwambia aache kulikuwa kumempa tu uhakika kwamba nimefika dukani. Na hata nikimleta fundi, ungekuwa mkono wa mtu mwingine vilevile. Hilo ndilo lililonichosha kuliko joto na magoti: kwamba tangu siku ile, labda mpaka mwisho, nitakuwa mtu wa kuuliza wengine, hii ikoje? Maisha yangu yote nilikula kwa kutomwamini muuzaji. Sasa muuzaji ndiye alikuwa ameshika mkono wangu, na kuununua nilitakiwa kuununua kwake.

Nikamuuliza bei.

Akasema ya kwanza kabisa, kabla ya wachumba, ilikuwa sitini na tano. Hizo themanini ni za winga. "Ila hiyo ilikuwa ya mtu asiye na shida. Wewe una shida. Elfu tisini."

"Mama, ndiyo nimekwisha kukwambia siri zangu zote."

"Ndiyo maana si laki na nusu."

Nilijaribu sabini. Nilijaribu kwa kuzoea tu, kama mtu anayepapasa swichi wakati umeme umekatika. Akakataa kwa upole, akafunga chupa ya chai. Nikataja magoti, akataja kodi ya fremu ya duka. Nikataja miaka yangu, akasema yeye ana mwaka mmoja zaidi yangu na hajanipunguzia kwa sababu hiyo. Tukaishia themanini. Bei ya winga, bila winga. Nilipouliza ikikataa nifanye nini, alinionyesha kidole ukutani, pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akasema, bila kutazama ukuta, "Ikikwama zaidi ya nilivyokwambia, irudishe. Mimi niko hapa kila siku ila Jumapili." Risiti hakuniandikia. Nilibaki na maneno yake tu, na kwa mtu kama mimi maneno ya muuzaji ni kifungashio.

Niliibeba begani mpaka Buguruni, miguu ya foku ikichungulia mbele na watu wakiniuliza nauza bei gani. Fundi alipoiona hakuniuliza habari za uzi. Aliisimamisha kwenye turubai, akaikandamiza kwa viganja vyake vyeusi vya grisi, mimi nimesimama nimeshika pumzi kama mtu anayengoja majibu ya kipimo.

"Wa kushoto safi," akasema. "Wa kulia unakwama kidogo pale mwanzo, halafu unakubali."

Nilikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. Alinitazama akauliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Alikata bomba kwa msumeno wa chuma, akatia mafuta mguu wa kulia, akabadilisha gololi za shingo bila kuniuliza na akanidai bila aibu. Saa kumi na mbili niliipanda. Kwenye tuta la kwanza nilijikaza mabega kama kawaida, nikingoja kipigo, na kipigo hakikuja. Mbele ilizama kidogo, ikainuka. Nilivuka matuta mengine nikiwa bado nimejikaza. Mwili ulishazoea kupigwa.

Hilo la barabarani limekwisha. La kidole ndilo lingali na safari. Daktari aliniambia nisihesabu siku, ushauri ambao ni rahisi kumpa mtu mwingine. Siku hizi nashika vitambaa kwa mkono wa kushoto, polepole, na kila jora nalisugua kwenye vidole na tena kwenye mdomo wa chini, ambao nimegundua nao una akili. Wauzaji wanadhani natania. Mteja wa Tabora ameagiza bafta tena, majora machache kuliko zamani. Nimeyachagua kwa asubuhi nzima na yeye hajapiga simu, na kwenye biashara yetu mteja asiyepiga simu ndiye anayekusifu.

Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nasugua shuka kwa kidole gumba cha kulia. Muda mrefu halikuniambia kitu, ningeweza kuwa nasugua ukuta. Halafu wiki iliyopita likaniambia kidogo, nikadhani najidanganya. Juzi nikasugua mkono ukiwa mkavu, nikalamba kidole, nikasugua tena, na chini ya kidole nikasikia kautelezi kembamba, ka mbali, kale ka nyuzi za kiwandani zilizochanganywa na pamba kidogo kwa ajili ya heshima. Nililala pale nikisugua kama mwendawazimu.

"Hili shuka si pamba," nikamwambia mke wangu.

Aligeukia upande wa ukuta, macho hajafumbua. Akasema siku nilipolileta nilimwapia kwamba ni pamba tupu.